Mbao, Nyavu na Taa: Vyombo vya Uvuvi vya Rumonge Tangu Mtumbwi wa Gogo

Ufuko wa Burundi kwenye Ziwa Tanganyika unaanzia mdomo wa mto Rusizi na kushuka hadi mpaka wa Tanzania, chini ya Nyanza-Lac, mwendo wa takriban kilomita 160. Rumonge iko kama kilomita 75 kusini ya Bujumbura, mahali ambapo uwanda wa Imbo unapanuka kidogo na michikichi kushuka karibu na maji. Sehemu ya Burundi ni asilimia 8 tu ya eneo la ziwa, nayo iko upande wa kaskazini, ambako hewa inayofaa samaki haishuki zaidi ya mita mia moja au zaidi kidogo ingawa ziwa lenyewe lina kina kinachofikia mita 1,470. Chini ya hapo maji hayana uhai wa samaki. Kinacholisha ufuko ni samaki wadogo wa tabaka la juu, ndagala, ambao Watanzania huwaita dagaa, pamoja na mukeke anayewawinda. Ndagala hutembea kwa makundi mbali na nchi kavu, mchana hushuka, usiku hupanda, nao huvutwa na mwanga. Kwa hiyo mvuvi wa Rumonge amehitaji vitu vitatu siku zote: chombo cha kumfikisha kwenye maji makuu, taa ya kuwakusanya samaki, na wavu wa kuwatoa majini kabla hawajatawanyika.

Historia ya vitu hivyo vitatu kwa kawaida husimuliwa kama ngazi ya maendeleo, kutoka gogo hadi chuma, kutoka kuni hadi umeme. Ukitazama umri wa vifaa vyenyewe, picha inageuka. Isipokuwa nyavu, karibu kila kifaa kipya kilichoshinda katika ufuko huu kilidumu muda mfupi kuliko kile kilichokitangulia. Kilishinda kwa sababu kilileta samaki wengi zaidi kwa usiku mmoja, na hesabu ya mvuvi ni ya usiku mmoja mmoja.

Chombo cha kwanza kinachojulikana vizuri ni mtumbwi wa gogo moja. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta ziwa lenye usafiri uliokomaa, na mwezi Aprili waliabiri mitumbwi miwili mirefu hadi Uvira, wakipita upande wa Warundi. Mkubwa kati ya miwili hiyo ulizidi futi sitini kwa urefu, lakini upana wake ulikuwa kama futi nne tu. Miti ya kuchonga vyombo vya ukubwa huo haikupatikana kila mahali. Ilitoka hasa Ugoma, kwenye misitu ya upande wa magharibi wa ziwa, ambako mvule hukua mnene na kunyooka. Mtumbwi ulichongwa kwa shoka na tezo huko huko msituni, ukaburutwa hadi majini, kisha ukauzwa kandokando ya ziwa lote. Rumonge iko karibu mkabala na rasi ya Ubwari ya upande huo wa magharibi, na kwa wakazi wake kuvuka kwenda kununua chombo halikuwa jambo la ajabu.

Mvule ni mti wenye mafuta yake ya asili, mchwa hawaupendi, na maji hayauozeshi haraka. Mtumbwi mzima wa gogo moja hauna kiungo hata kimoja: hakuna msumari wa kushika kutu, hakuna mfereji wa kuzibwa pamba. Unapopasuka, huwa umepasuka kufuata nyuzi za mti, na ufa wa namna hiyo hushonwa kwa kamba au kuzibwa na kipande kingine. Chombo cha namna hiyo kilirithiwa. Udhaifu wake ulikuwa mwingine: mtumbwi ulikuwa mwembamba, ulilala majini kwa urahisi mawimbi ya upande yalipoanza, na haukuweza kubeba wavu mkubwa. Kwa ajili hiyo mafundi waliongeza ubao juu ya kingo zake, wakaupa kimo zaidi, na kuanzia hapo mtumbwi wa gogo ukaanza kuwa na viungo.

Uvuvi wenyewe ulilingana na chombo. Burton aliandika kuhusu wavuvi wanaovua usiku kwa mwanga wa moto. Wavuvi wawili, watatu au wanne huwasha kuni kwenye omo, ndagala wakakusanyika, na mmoja wao akawateka kwa lusenga, wavu wenye umbo la mfuko uliofungwa kwenye mpini mrefu. Kazi ya lusenga ilihitaji mkono mwepesi na macho. Wavu ulisukwa kwa nyuzi za mimea, ukafa na kusukwa tena nyumbani, bila kumlipa mtu yeyote. Mfumo huu ulikuwa na gharama ndogo mno, na ndiyo maana umeendelea kuishi pembeni ya mifumo yote iliyofuata. Hata katika nusu ya pili ya karne ya 20 takwimu za Burundi zilikuwa bado na safu yake maalumu, uvuvi wa mila.

Wafanyabiashara wa pwani waliongeza tanga. Kufikia miaka ya 1870 na 1880 vyombo vyenye matanga vya Waarabu na Waswahili wa Ujiji vilikuwa vikifika kaskazini kwa watumwa, pembe, chumvi na mafuta ya mawese, na Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, akajaribu kuuweka ufuko wa Warundi chini ya mkono wake. Kiswahili cha Rumonge kina mizizi katika kipindi hicho. Wamisionari wa White Fathers walifungua kituo hapo mwaka 1879. Tarehe 4 Mei 1881 watatu wao wakauawa, na kituo kikafungwa. Tanga halikubadilisha uvuvi wa ndagala, kwa sababu ndagala hutafutwa usiku, na mara nyingi usiku ulio mzuri kwa uvuvi ni ule wenye upepo mdogo. Lilichofanya ni kuzoesha mafundi wa ziwa namna ya kuunda chombo cha mbao: mkuku, mataruma, mbao zilizopigiliwa misumari, kalafati ya pamba iliyolowa mafuta.

Katika miaka hiyo hiyo ziwa lenyewe lilibadilisha mahali pa kuegesha. Maji yaliyokuwa yamepanda kwa muda mrefu yalivunja kizuizi kwenye mto Lukuga, upande wa Kongo, karibu mwaka 1878, na usawa wa ziwa ukashuka mita kadhaa ndani ya miaka michache. Fukwe zilizokuwa chini ya maji zikawa mchanga mkavu. Mialo mingi ya sasa ya Burundi imekaa kwenye ardhi iliyofunuliwa wakati huo, jambo ambalo lilikuja kukumbukwa kwa uchungu maji yaliporudi.

Wageni wa Ulaya walileta vyombo vilivyobebwa vipande vipande, na baadaye chuma. Henry Morton Stanley alizunguka ziwa mwaka 1876 kwa mashua iliyogawanyika vipande, Lady Alice, iliyoundwa Uingereza na kubebwa mabegani kutoka pwani. Wajerumani walikwenda mbali zaidi: meli ya chuma Graf von Goetzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikavunjwa, ikafungwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Walipolazimika kuondoka, Julai 1916, wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nene na kuizamisha. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena kwa dhoruba; Waingereza wakaiopoa mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Meli iliyolala chini ya maji kwa miaka na kufanya kazi tena kwa miongo mingi inaeleza jambo moja kuhusu Tanganyika ambalo watu wa baharini hulisahau. Maji yake si ya chumvi. Kutu huenda polepole, na hakuna wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao na kuugeuza ubao kuwa sega. Chombo katika ziwa hili hakiuawi na maji. Kinauawa na jua, na misumari, na kuburutwa mchangani kila asubuhi, na mawimbi ya kusini ya kiangazi.

Mwanzo wa karne ya 20 ufuko huo ulipata pigo lisilohusiana na vyombo. Malale yalienea Imbo, na tawala za Wajerumani kisha Wabelgiji zikahamisha watu kutoka sehemu za kando ya ziwa. Wavuvi walipungua, vijiji vikahamia juu, na uvuvi wa usiku ukawekewa masharti. Mitumbwi ilipooza ufukweni bila mwenyewe, maarifa ya kuagiza mingine kutoka ng'ambo nayo yalilegea. Ufuko ulipoanza kujazwa upya, kati ya vita mbili kuu na baada yake, ulijazwa na watu waliokuwa tayari kupokea zana za namna nyingine.

Utawala wa Ubelgiji ulitaka samaki wa kulisha wafanyakazi wa migodi na miji. Msafara wa utafiti wa 1946 na 1947, ambamo Max Poll alishughulikia samaki, ulionyesha kwamba wingi wa ziwa uko katika maji ya wazi, na siyo kwenye mawe ya ufukweni. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wajasiriamali wa Kigiriki wa Usumbura, mji unaoitwa sasa Bujumbura, walileta uvuvi wa nyavu za kuzungusha. Kila kikosi kilikuwa na meli ya chuma yenye injini, mashua za taa zilizotangulia kukusanya samaki, na wavuvi ishirini na zaidi. Huo ndio ulioitwa uvuvi wa viwandani. Ulikuwa mali ya wenye mtaji, ulitegemea bandari, na mtu wa Rumonge aliingia humo kama kibarua.

Jibu la upande wa wavuvi wadogo lilikuja katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, nalo ndilo kiini cha historia hii. Maofisa wa uvuvi wa kikoloni walihimiza chombo pacha: mitumbwi miwili ya mbao, kila mmoja wa mita sita hadi nane hivi, iliyounganishwa kwa nguzo zilizolazwa kukingama, na katikati yake wavu wa kunyanyua. Wavu hushushwa chini ya chombo hadi makumi ya mita. Taa huwashwa juu. Ndagala hukusanyika kwa saa kadhaa, kisha taa hupunguzwa mpaka kundi lijikaze mahali pamoja, na wavuvi huvuta kamba kwa mkono hadi wavu utokeze na samaki ndani yake. Wavuvi wanne au watano walitosha.

Uzuri wa chombo pacha ulikuwa katika kugeuza udhaifu kuwa msaada. Mtumbwi mmoja mwembamba hupinduka. Miwili iliyofungwa pamoja haipinduki kwa urahisi. Mbao fupi, ambazo hazifai kwa chombo kikubwa kimoja, zinatosha kwa viwili vidogo. Nguzo zilitoka kwenye mikaratusi iliyopandwa vilimani, na ikivunjika moja hubadilishwa siku hiyo hiyo. Lakini palipo na faida hiyo pana na maumivu. Kila wimbi hunyanyua mtumbwi mmoja kabla ya mwenzake, na nguvu yote ya kupindana hupita kwenye vifungo vya nguzo. Hapo ndipo chombo pacha huanza kufa. Misumari hulegea, ubao wa juu hupasuka, maji huingia kwenye viungo vilivyokuwa vimezibwa vizuri. Mtumbwi wa mvule ulihesabiwa kwa vizazi. Chombo pacha huhesabiwa kwa miaka, na katika miaka hiyo hudai matengenezo yasiyokwisha.

Hata hivyo vyombo hivi vilienea kwa kasi kutoka Gatumba hadi Kabonga, vikipita Magara, Minago, Karonda, Rumonge na Muguruka, na mtu aliyesimama mwaloni asubuhi angeona safu ndefu ya vyombo vinavyofanana. Kufanana huko kunakumbusha jambo la mbali kidogo, mashindano ya mashua za tanga. Mwaka 1887 huko Dublin kundi la wapenda tanga lilikubaliana kwamba mashua zao zote, zilizoitwa Water Wag, ziundwe kwa umbo moja, ili mwenye fedha asimshinde mwenzake kwa kununua chombo bora. Tangu hapo kila daraja la mashua za namna hiyo limekuwa na kamati ya kuamua ni kifaa gani kipya kinaruhusiwa. Laser, mashua iliyobuniwa na Bruce Kirby mwaka 1970, ilikaa kwa miongo na mlingoti wa juu wa alumini uliojulikana kwa kupinda, na ilikuwa ni katika miaka ya 2010 tu ndipo kipande cha nyuzi za kaboni kikaruhusiwa, kwa hoja kwamba kinadumu zaidi bila kuongeza kasi. Rumonge haikuwa na kamati. Kufanana kulitokana na mafundi wachache walioigana, na wavu wenye kipimo kile kile uliohitaji chombo chenye kipimo kile kile. Basi mtu mmoja alipopata njia ya kuzidi wenzake, hakuna aliyemzuia, na wengine wote walilazimika kumfuata au kubaki nyuma.

Nyavu ndizo zilizoenda kinyume cha mkondo. Wavu wa pamba uliotumika mwanzoni ulikuwa mzigo: unyevu, ute na mafuta ya ndagala huozesha nyuzi upesi, kwa hiyo kila asubuhi ulipaswa kuoshwa na kuanikwa. Kuuacha wavu ukiwa mbichi siku mbili ni kuupoteza. Nailoni, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1935 na kufika kwenye maziwa ya Afrika baada ya Vita ya Pili ya Dunia, haikuoza. Uzi wake ulikuwa mwembamba na wenye nguvu zaidi, kwa hiyo wavu mkubwa ulikuwa mwepesi kuvutwa. Kwa mara ya kwanza kifaa kilichovua zaidi kilidumu zaidi pia. Adui yake ni jua, lile lile ambalo lilikuwa rafiki wa pamba: nailoni inayoachwa juani kutwa hukauka na kukatika kama uzi wa zamani, na wavuvi waliozoea kuanika walichukua muda kujifunza kufunika.

Lakini kudumu kwa nailoni kulileta tatizo ambalo pamba haikuwa nalo. Wavu wa pamba uliochakaa hutoweka. Wavu wa nailoni uliochakaa hushonwa na mwingine, hukatwa, huuzwa kwa bei nafuu, na mwisho huwa wavu wa kuburuta ufukweni mikononi mwa watu wasioweza kununua chombo pacha. Matundu madogo ya wavu wa ndagala yakifanya kazi kwenye maji ya kina kifupi hunasa watoto wa samaki wa kila aina. Uvuvi wa kuburuta ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo imelazimika kurudiwa mara nyingi.

Katika taa, mabadiliko makubwa yalikuwa kuondoka kwenye kuni na kwenda kwenye karabai. Taa ya mafuta ya taa yenye pampu, ya aina ya Petromax ya Ujerumani au Coleman ya Marekani, hutoa mwanga mweupe mkali kupita moto wowote wa omoni. Karabai ilifanya wavu wa kunyanyua uwe na maana; bila yake chombo pacha kingekuwa mtumbwi wa bei ghali. Hata hivyo kama kuna kifaa kinachostahili kuitwa dhaifu katika hadithi hii, ni hicho. Kifuko cha kitambaa kinachong'aa ndani yake hubomoka kwa kuguswa. Kioo chake cha moto hupasuka kikipigwa na tone la maji baridi, na usiku wa ziwani hauna uhaba wa matone. Ngozi ya pampu hukauka, tundu la mvuke huziba. Mwaloni palizuka fundi wa aina mpya, mtengenezaji wa karabai, aliyekaa na sanduku la vipuri vidogo na kuishi kwa vitu vilivyovunjika. Kuni ziliokotwa, mafuta ya taa yalinunuliwa kila jioni, mara nyingi kwa mkopo uliolipwa kwa samaki wa asubuhi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbio hizo zilipata hatua nyingine. Kilitokea chombo pacha kikubwa zaidi kilichoitwa Apollo, jina ambalo miaka hiyo kila mtu alilijua kwa safari za mwezini. Vingine vilitokana na vyombo vya uvuvi wa viwandani vilivyobadilishwa, kwani huo ulikuwa ukidhoofika: vikosi vyake upande wa Burundi, vilivyofika zaidi ya ishirini katikati ya miaka ya 1970, vilipungua mwaka hadi mwaka, baadhi ya wamiliki wakahamia kusini, Mpulungu nchini Zambia, ambako mukeke alikuwa bado mwingi. Apollo kilichukua taa karibu mara mbili ya chombo pacha cha kawaida, wavu mpana zaidi na wavuvi wengi zaidi, bila gharama ya meli ya chuma. Kwa hesabu ya tani kwa kila franki kiliishinda meli. Kwa hesabu ya vifungo na nguzo kilikuwa na kila ugonjwa wa chombo pacha, uliokuzwa. Wimbi linalopinda mitumbwi ya mita saba hupinda ile mirefu kwa nguvu zaidi, na mbao ndefu zilizotakiwa hazikuwepo tena karibu.

Mbao ndilo suala ambalo vitabu vya uvuvi hulipita haraka, nalo lilikuwa zito. Mvule mnene ulikwisha katika sehemu zilizo rahisi kufikiwa, na Burundi ni nchi ya watu wengi na misitu michache. Mafundi wa Rumonge walitegemea mbao za Kongo na za Tanzania zilizovuka kwa maboti ya mizigo, na palipokosekana mbao ngumu waliingiza mbao laini. Chombo cha mbao laini huchukua maji, huwa kizito, misumari yake hulegea mapema. Dawa ya kawaida ni kipande cha bati kilichopigiliwa juu ya ufa na kupakwa lami. Bati huficha ufa bila kuuponya: unyevu hubaki chini yake na kuozesha ubao usioonekana. Chombo chenye bati nyingi kina historia ndefu na maisha mafupi yaliyobaki.

Injini za kupachika nyuma zilizoenea baada ya uhuru wa 1962 zilikamilisha kugeuka kwa gharama. Zilifikisha vyombo kwenye maji ya mbali na kuvirudisha kabla samaki hawajaharibika. Pia zilitingisha mbao kwa namna ambayo kafi haikufanya, na ubao wa tezi ukawa sehemu ya kwanza kuoza. Kwenye hesabu ya mwenye chombo, injini na wavu vilikuwa vitu viwili ghali kuliko chombo chenyewe. Kwa desturi ya ziwa, gharama za usiku hutolewa kwanza, kisha kilichobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Kwa hiyo kila kifaa kipya kilichokula mafuta kilipunguza fungu la wote, ilhali faida ya wavu mkubwa ilienda zaidi kwa anayemiliki. Mvuvi wa lusenga alikuwa na zana zake. Mvuvi wa Apollo, mara nyingi, alikuwa na mikono yake tu.

Ratiba ya matengenezo haikuwahi kuandikwa, kwa sababu mwezi uliiandika. Siku za mbalamwezi kali ndagala hawakusanyiki kwenye taa, hivyo kila mwezi vyombo hukaa nchi kavu kwa takriban juma moja. Hizo ndizo siku za kazi ya mwaloni. Mitumbwi hugeuzwa tumbo juu, pamba ya zamani hutolewa kwa patasi na mpya kusindiliwa, vifungo hukazwa, nyavu hutandazwa kivulini na kushonwa, karabai hufunguliwa moja moja. Inawezekana kudai kwamba mapumziko hayo yamefanya zaidi kwa umri wa vyombo vya Rumonge kuliko ubora wa mbao zozote.

Siasa iliingilia mara mbili kwa ukali. Maasi yaliyoanza Rumonge na Nyanza-Lac mwishoni mwa Aprili 1972, na mauaji makubwa ya serikali yaliyofuata, yaliwafanya watu wengi wa ufuko huo kukimbilia Tanzania na Kongo. Wengine hawakurudi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kisha vita vilivyoanza 1993 vililifanya ziwa liwe njia ya waasi machoni pa jeshi, na uvuvi wa usiku ulifungwa na kufunguliwa mara kwa mara. Kati ya Julai 1996 na Januari 1999 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Mafuta, vipuri vya injini na nyavu vikawa vya magendo na bei yake ikawa ya magendo. Chombo kilichofungiwa nchi kavu kwa miezi hakipumziki: mbao hukauka, viungo hufunguka, na kinaporudishwa majini huvuja kila mahali. Miaka hiyo ndiyo iliyozika uvuvi wa viwandani upande wa Burundi. Chombo pacha cha kawaida kilivuka, kwa kuwa kila kitu ndani yake kiliweza kutengenezwa na fundi wa mwaloni kwa vitu vilivyokuwepo. Hesabu iliyofanywa kuzunguka ziwa lote mwaka 1995, chini ya mradi wa utafiti wa FAO na Finland uliokuwa na makao Bujumbura, ilikuta wavuvi wapatao 45,000 na mialo karibu 800. Idadi kubwa ya watu hao walitumia vyombo vya mbao.

Baada ya amani taa zilibadilika tena. Taa ndogo za umeme zinazotumia betri, nyingine zikichajiwa kwa jua, zilianza kuiondoa karabai. Hazina kioo cha kupasuka wala kifuko cha kubomoka, na hazinunuliwi mafuta kila jioni. Kinachokufa ni betri, na fundi wa karabai hana la kuifanyia. Faida ya taa hizo ilionekana wazi zaidi kuanzia 2021, Burundi ilipoingia katika uhaba wa mafuta uliozidi kuwa mkali. Injini nyingi zilikaa kimya, makafi yakarudi kazini, na vyombo vizito vya Apollo vikawa vigumu kuvipeleka mbali.

Wakati huo huo maji yalipanda. Kuanzia 2020 ziwa lilifikia viwango visivyoonekana tangu mafuriko ya miaka ya 1960, likafunika nyumba za Gatumba, sehemu za Bujumbura na fukwe za Rumonge, pamoja na nafasi ambazo vyombo viliundwa na kugeuzwa kwa matengenezo. Mafundi walihamia juu, kwenye viwanja vya kupangisha, na kila mtumbwi ukawa na safari ndefu zaidi ya kuburutwa.

Sheria ilikuja kuchukua nafasi ambayo katika mashindano ya tanga ni ya kamati. Mkataba wa nchi nne zinazopakana na ziwa wa mwaka 2003 uliunda msingi wa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura. Burundi ikapitisha sheria mpya ya uvuvi Novemba 2016. Na kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 nchi zote nne zilisimamisha uvuvi kwa pamoja ili samaki wazaliane. Kanuni hizi hupima matundu ya nyavu, aina ya zana na majira ya kuvua. Hazipimi ubao, kifungo wala umri wa chombo. Tanzania imeanza kukopesha wavuvi boti za nyuzi za kioo, ambazo hazina viungo vya kuvuja na hazitaki mvule. Upande wa Rumonge mbao bado ndizo zinazotawala, na miezi mitatu ya kufungwa imeongezwa kwenye ratiba ya mwezi: ni kipindi kirefu kuliko chochote ambacho vyombo vilikuwa vikipata kwa matengenezo wakati wa amani, na pia ni kipindi cha kiangazi na upepo wa kusini, ambapo mbao zilizoachwa juani bila kufunikwa hufunguka haraka kuliko zikiwa majini.